Juu ya Kichwa cha Mkwe

Kwa miaka miwili Mathuso alijifunza kuezeka akiwa gizani. Paa la nyasi hushonwa na watu wawili, mmoja juu kwenye ngazi, mwingine ndani, chini ya fito. Wa juu huchoma sindano ndefu kama mkono mpaka itokeze ndani. Wa ndani huipokea, huzungusha kamba kwenye ufito, kisha huirudisha. Hawaonani. Wa juu alikuwa Ntate Sekake, yaani Baba Sekake, baba mkwe wake, fundi aliyeezeka nusu ya nyumba za bonde lile. Wa ndani, siku zote, alikuwa Mathuso, vumbi la nyasi likimjaa puani.

Mengine yote kati yao yalikwenda kwa adabu ya ukwe. Akimpelekea maji, aliweka kata chini na kurudi nyuma, ndipo mzee aiokote. Hawakuwahi kupeana kitu mkono kwa mkono, isipokuwa ile sindano, kwa kuwa paa lilikuwa katikati.

Na lilikuwepo jambo lisilohitaji kusemwa: mke wa mwana hapandi juu ya kichwa cha baba wa mumewe. Mzee akae ndani, Mathuso awe juu ya paa? Hata mbuzi wangecheka. Kwa hiyo alijua kila fundo, alijua kwa kusikia tu kama fungu la nyasi limelala vizuri, lakini hakuwahi kushika ubao wa kupigia nyasi wala kufunga kilele. Na asiyefunga kilele si fundi. Ni mshika sindano.

Mwezi ule walikuwa wakiezeka nyumba ya Nesi Mpolai, mstaafu aliyekuwa bado anaongea kama yuko wodini. Paa lilibakiza robo. Jumapili kukawa na harusi ng'ambo ya mto, na wanaume walipojipanga kucheza, Ntate Sekake, miaka sitini na minane, akarusha mguu juu ili kuwashinda vijana. Kupanda, mguu ulipanda vizuri. Kushuka ndiko kulikomshinda.

Jumatatu alifika kwa punda, goti limevimba kama boga.

"Pole, Ntate," alisema Nesi Mpolai. "Lakini Jumamosi wageni wangu wanalala humu. Tazama mawingu yale. Kilele kisipofungwa kufikia Ijumaa, naita watu wa mabati kutoka mjini. Nyasi zako watazila ng'ombe."

Mzee akaitazama ngazi, akalitazama goti. Mathuso alikuwa akitazama chini.

"Ntate," akasema kwa sauti ndogo, "mimi naweza kupanda."

"Najua unaweza. Na mimi nikae wapi?"

Mama mkwe wake, Mamosa, aliyekuwa ameleta chakula, akacheka. "Kaa mlimani! Nyumba si iko mtelemkoni? Pale jabalini utamwona mpaka utosini."

"Na ndani?"

"Naingia mimi. Kwani sindano ni nini? Nimeshona mashuka miaka arobaini."

Wakafanya hivyo. Mzee alipanda na punda wake mpaka jabalini, kajifunika blanketi. Kila Mathuso alipomaliza safu na kusogea juu, naye alimsogeza punda juu kidogo, maana heshima haina likizo.

"Mkwe! Fungu la kushoto limelala kama mlevi!"

"Nimeliona, Ntate!"

"Basi lipige!"

Mathuso akalipiga kwa ubao, nyasi zikakaa sawa, na jua likamwangukia usoni. Hakujua kama kazi hii ina jua ndani yake.

Tatizo lilikuwa ndani.

"Mama, vuta!"

"Nivute ipi? Zipo kamba tatu!"

"Inayotikisika!"

"Zote zinatikisika! Na mimi mwenyewe natikisika!"

Alhamisi asubuhi Mathuso alivuta kamba ikagoma. Akavuta kwa nguvu zote. Ukelele ukatoka ndani. Mama Mamosa alikuwa ameshona blanketi lake kwenye paa, naye kalivaa. Majirani waliokwenda kumfungua walicheka mpaka wakakaa chini. Mathuso hakucheka. Ilibidi afumue safu mbili nzima, na ngurumo zilikuwa zimeanza nyuma ya mlima.

"Mimi nimestaafu," alisema Mama Mamosa akijipangusa nyasi.

Punda akateremka polepole. Mzee alishuka, akachechemea mpaka mlangoni, akasimama. Siku zote, kabla ya kuingia nyumba ya mtu, alivua kofia yake ya nyasi, ile iliyochongoka kama mlima, akaitundika mlangoni. Safari hii aliivuta mpaka masikioni.

"Ntate, kofia ndani ya nyumba yangu?" aliuliza Nesi Mpolai.

"Leo hii si kofia, Nesi. Ni paa langu. Mimi niko chini ya paa langu, yeye yuko juu ya paa lako. Nani yuko juu ya kichwa cha nani?"

Mama Mamosa akashika kiuno. "Miaka miwili yote kofia ulikuwa nayo!"

"Kofia nilikuwa nayo. Goti hili sikuwa nalo."

Akaingia. Mathuso akachoma sindano, nayo ikarudi papo hapo, mahali pale pale alipoitaka. Akachoma tena. Ikarudi. Walikwenda hivyo mpaka mzee akaanza kukohoa.

"Kumbe huku ndani kuna vumbi namna hii?"

"Ndiyo, Ntate."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza, Ntate."

Akaziba mdomo kwa kiganja, kwa kushtushwa na maneno yake mwenyewe. Lakini ndani mzee alikuwa anacheka, na kicheko kikageuka kikohozi tena.

Ijumaa alasiri Mathuso alikaza kamba ya mwisho ya kilele. Matone ya kwanza yalikuwa yanamgonga mgongoni. Ndani, Ntate Sekake aliagiza mlango ufungwe, akainua uso gizani kutafuta mwanga. Kila tundu la mwanga ni tone la mvua. Juu, Mathuso alitega sikio.

Fimbo ya mzee ikagonga paa kwa ndani mara moja. "Hapa. Kidole kimoja kushoto."

Akasokomeza nyasi, akapiga ubao.

Fimbo haikugonga tena.

"Ntate?"

"Nini tena? Nimekaa kama kipofu, unataka niseme nini?"

Aliposhuka, mvua ilikuwa imechanganya. Mzee alitoka, akauomba ule ubao kwa ishara. Mathuso akauweka chini, akarudi nyuma. Mzee akauokota, akaupangusa kwa blanketi lake pande zote mbili, kisha akauweka tena chini mbele yake, naye akarudi nyuma hatua mbili.

"Kaa nao," alisema akitazama pembeni. "Jumatatu tuna nyumba ya kina Khabo. Mimi nitakuja na kofia."