Fasi ya Kulaza Kamio

Mama Simone anasema kama kamio ya Phinées, gari yake ya mizigo, ilirudi saa ya kutwanga sombe, majani ya muhogo. Yeye alikuwa anatwanga mbele ya mulango yake, akasikia motere inakuja na njia ya Mavivi, pole pole, sawa mutu anayeogopa kumwanga mizigo. Ku volan, ku usukani, hapakuwa mutu. Kamio ikapita nyumba zote za mustari, ikageuka, ikaingia kinyumanyuma mu fasi ya gari, ikazima. Mu karoseri, nyuma fasi ya mizigo, wanaume walikuwa wameketi chini, migongo ku kabine, mikono imefungwa nyuma, na Phinées kati yao. Mama Simone akawasalimia. Akamaliza kutwanga, maana sombe haiachwe nusu, kisha akaenda kumwambia Tamar kama bwana yake amefika, na wenzake wanaomba maji.

Ilikuwa mwaka ule wa uasi. Basoda, ni kusema askari, walikuwa wamekamata kamio mu soko ya Beni, pamoja na Phinées mwenye kuiendesha na wale waliokuwa wanashusha mizigo, wakaenda nao njia ya Mavivi, na hakuna aliyepewa maiti ya kuzika. Tangu jioni ile, kamio inarudi kila siku. Asubuhi inawaka yenyewe, inaenda tena na njia ya Mavivi.

Muyisa Edmond hakujua hayo alipokuja kununua nyumba ya Tamar. Ao tuseme aliambiwa, lakini nyuma ya wakati.

Nyumba za mustari ule zilijengwa na Wabeleji karibu na uhuru, kwa makarani weusi. Zilikuwa nyumba nzuri, matofali ya kuchoma, simenti chini, mabati mazito. Aliyechora plan alifikiri kama mutu mweusi, akijikaza sana, atafika ku velo, ku baiskeli. Basi akasimamisha chuma ya kuegemeza velo mbele ya kila nyumba, na fasi ya gari akaweka moja tu kwa mustari muzima, sababu ya muzungu atakayekuja kuangalia kama nyumba ni safi. Fasi ile ilianguka mu parsela, mu kiwanja cha Phinées, na ukuta murefu na geti ya chuma.

Geti ile ndiyo Edmond na muke wake Godelive walikuwa wanatafuta. Walitoka Butembo, walikuwa wamepanga nyumba juu ya kilima, na kamio yao ya kubeba maharagi ililala chini, ku barabara. Na wakati ule gari yenye kulala inje basoda waliichukua, na mwenyewe pamoja, kwa sababu wengi wao hawakujua kuendesha. Mutu alirudi ao hakurudi. Godelive hakuwa na woga mwingine mu maisha yake. Alikata kamba, urefu wa kamio kamili, akatembea nayo nyumba zote za kuuzisha. Ingine ilikuwa na kisima, lakini geti yake ilikuwa ya kupitisha mbuzi. Ingine ilikuwa karibu na kanisa, lakini kamio ingelala mbele ya mulango ya misa. Jiko hakuangalia hata moja. Kwa Tamar alilaza kamba chini, na kamba ikaenea, ikabakisha hata fasi ya kuku.

Kwetu, mwenye kununua parsela anatembea kwanza mupaka pamoja na majirani. Wanaenda jiwe kwa jiwe, na kila jirani anasema ni kitu gani kinakaa pale: muti wa fulani, kaburi la mutoto wa fulani, njia ya maji. Kisha ndipo wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Na mwenye kukunywa amekubali vyote, vyenye kusemwa na vyenye havijasemwa.

Siku ya kununua Edmond alikuwa ameacha kamio ku barabara, na bariere ya basoda, muti wa kufunga njia, ilikuwa karibu. Hakutulia. Akaomba kikombe akiwa angali amesimama.

“Papa Edmond, hatuyatembea mupaka,” Mama Simone akamwambia.

“Mupaka minaiona na macho, mama.”

Akakunywa yote. Godelive akaangalia kikombe.

Walipofika ku geti, Tamar akaeleza kama pale panalala kamio ya Phinées, inaingia jioni, inatoka asubuhi, na haina makelele. Edmond akasema, donc basi itafute fasi ingine. Majirani wakaangalia chini. Mama Simone akamukumbusha kama amekwisha kukunywa. Bwana yake Mama Simone ni mwalimu wa Kasai, na yeye mwenyewe ni wa kule, lakini desturi ya wenye inchi anaishika kupita wenye inchi.

Edmond akageukia Mukendi Ignace, mukubwa wa bureau, ofisi ya serikali, aliyekuja kushuhudia ununuzi.

“Mu macho ya État, ya serikali,” Ignace akasema, “ile fasi iko wazi.”

Wakati ule kamio ilikuwa inaingia. Ignace akasogeza muguu wake ili isimukanyage.

Tamar akaenda kwa kaka yake kule Manguredjipa, na sufuria zake na kiti kimoja. Mbele ya kuenda alimuonyesha Godelive ndoo. “Maji ya baridi hapana,” akamwambia. “Meno inabauma. Na asubuhi batakuomba ubafuate. Usibaitikie kama hautaenda.” Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu. Ku bariere ya Mavivi basoda wananyanyua muti, kamio inapita, hawainue hata macho. Lakini mutu wa miguu bila feuille, karatasi ya ruhusa ya bureau, anarudishwa. Feuille, Ignace hakumupa.

Basi kamio ya Edmond ililala inje, ku barabara. Edmond akaifunga na munyororo ku ile chuma ya velo, na mustari muzima ukacheka, hata yeye akacheka. Godelive alikuwa akichemsha maji kila jioni, akiwanywesha wale wanaume mumoja mumoja, kwa sababu mikono yao haikuweza kushika kikombe. Walikuwa watu wa adabu. Walimuuliza juu ya ile kamio ya inje, na Phinées akasema ni motere ya nguvu, lakini pale iko Edmond hataiweka siku nyingi.

Asubuhi moja Godelive alikuta shimo pale chuma ya velo ilikuwa. Ku njia palikuwa sandale ya Edmond, moja.

Hakulia mbele ya watu. Alitwanga, alifagia, akapasha maji. Jioni kamio ya Phinées ikaingia sawa kila siku, na Edmond alikuwa ameketi mu karoseri, wa mwisho, karibu na mulango. Phinées alikuwa amejisogeza kumupa nafasi. Godelive akamunywesha wa kwanza, kisha wengine.

“Sasa hakuna tena shida ya fasi,” Edmond akasema. Wenzake wakacheka kidogo.

Asubuhi, motere ikiwa imewaka, akamwita. “Godé, leo utufuate. Haiko mbali.”

Godelive hakuitika. Alivaa kitambaa cha kanisa, akachukua kamba yake, bila kujua sababu gani, akaenda ku bureau.

Kiwanja cha bureau ni kikubwa. Kamio nyingi zinaweza kulala pale, na kugeuka, na hazigusane. Ya Edmond ilikuwa imesimama mu kivuli, imeoshwa vizuri. Chuma ya velo ilikuwa ingali inaning'inia ku munyororo.

Ignace akamukaribisha, akamuketisha ku banc. Akasikiliza mpaka mwisho, na mikono juu ya meza.

“Mama Godelive,” akasema, “bwana yako anarudia nyumbani kila jioni. Kuna bamama hapa Beni babwana yabo habarudie kabisa. Unaomba nini tena?”

“Feuille ya kupita bariere. Ya mutu moja na jembe.”

Soda mumoja akapanda mu kamio ya Edmond, akaiwasha vibaya, ikalia, ikatoka na vumbi. Ignace akasimama, akafunga dirisha, akarudi kuketi.

Godelive alikuwa anakunja kamba juu ya magoti, pole pole, mpaka yote ikaisha.

“Papa Ignace,” akasema, “haiko mbali.”