Zamu ya Mitwalli

Alhamisi alasiri Sittuhum alipanga mikate ya rehema kwenye ungo, akaifunika kitambaa, akateremka ukingoni mwa mfereji wa meli. Wanawake wengine hupeleka mikate yao makaburini. Yeye kaburi hana. Mumewe Mitwalli alifukiwa na tope hapa Al-Gisr, enzi za kuuchimba mfereji kwa kazi ya kulazimishwa, na hakuna aliyejisumbua kumfukua. Kwa hiyo Sittuhum aliacha kijiji chao upande wa Girga, akaja kuishi mahali ambapo hana wa kumwamkia.

Meli ya Waingereza ilipokwisha kupita, wafu walitoka majini kama kawaida. Walipanda kwa mstari, tope mgongoni, mikono imeshikana nyuma kulizuia, kwa sababu hata makapu hawakupewa. Wakamwaga juu, wakageuka. Muuza maharage alisogeza sufuria yake wapite.

Sittuhum alimtia Mitwalli kipande cha mkate mdomoni.

"Twende nyumbani, baba. Mfereji ulishafunguliwa. Wafalme walikuja, wakala, wakacheza."

"Tuliwasikia vishindo," alisema Mitwalli akitafuna. "Zamu ya pili imefika?"

"Bado."

"Basi sijaruhusiwa, binti ami. Unataka niitwe mtoro?"

Ndivyo ilivyokuwa sheria. Zamu haiondoki mpaka watu wa kijiji chao waje kuipokea. Kisha ikatoka amri kwamba kazi ya kulazimishwa imefutwa, mashine zikaletwa, walio hai wakarudi kwao. Waliokufa hakuna aliyekuja kuwapokea.

Jumamosi akaenda ofisi ya mfereji. Mhandisi alimsikiliza huku akimenya chungwa.

"Mama, kazi ya kulazimishwa haipo. Kama haipo, na hao hawapo."

"Mbona nawalisha mkate, bwana?"

"Mkate wako, si wetu." Akacheka. "Mchanga unaporomoka kila siku. Mashine inakula makaa, hawa hawali kitu. Waache."

Akasafiri hadi Girga, kwa shehe, mkuu wa kijiji chao, amwombe mtu mmoja tu wa kumpokea Mitwalli.

"Nimpeleke mtoto wa nani?" shehe alifoka. "Wa kwangu?"

"Wa kwako hawakwenda hata enzi zile," Sittuhum alisema, akajifunga shela, akaondoka.

Alhamisi ya kwanza baada ya kurudi hakuoka. Alisimama ukingoni, kanzu ameifunga kiunoni.

"Zamu imefika, Mitwalli."

"Iko wapi?"

"Ni mimi."

Mitwalli alimtazama juu mpaka chini. "Wewe! Balasi la maji lenyewe ulikuwa unalilalamikia."

"Na ulinitua lini hata mara moja? Geuka huko."

Akageuka. Tope likahama mgongo hadi mgongo, zito, na Sittuhum akafunga mikono yake nyuma. Mitwalli alijinyoosha taratibu mpaka mifupa ikalia.

"Nyumba ni ipi?"

"Ile ya mlango wa buluu. Dengu ziko mekoni, zipashe moto."

Akaenda bila kugeuka nyuma, kama mtu yeyote aliyetoka kazini hoi. Sittuhum alimwaga tope juu, akateremka na wenzake, maji yakamfunika.

Jioni mhandisi alipita kupima kina. Alimwona mwanamke kwenye mstari, akatikisa kichwa, akawasha sigara. Kina kilikuwa sawasawa. Meli ya Wafaransa ikapiga honi, wa mstarini wakaipisha.