Anayeitika Yuko Mubi

Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye malisho ya kijiji cha Kingi, Thacienne alikuwa akimwogesha Nadine ndani ya beseni uani kwa dada yake. Sabuni ikamwingia mtoto machoni. Mtoto akaita, "Mama!" Kabla Thacienne hajafungua kinywa, sauti ya mwanamke iliitika kutoka nyuma ya vilima vya magharibi:

"Niko hapa, mutoto wangu. Nakuya."

Haikuwa mwangwi. Ilikuwa sauti ya mwanamke ambaye hajazeeka, mwenye mafua kidogo, na ilisikika kama ya mtu aliye jikoni. Mukashema, dada mkubwa wa Thacienne, alikuwa mlangoni akipepeta maharagwe. Hakuinua kichwa. Alisema imekuwa hivyo tangu mtoto aletwe. Mwanzoni ng'ombe walikuwa wakigeuka kutazama, siku hizi hawageuki tena.

Thacienne alizaliwa hapo hapo Kingi, lakini nusu ya maisha yake ilipita Liège, huko Ubelgiji, alikokuwa akihudumia wazee na kuishi na mumewe Gustave. Hawakujaliwa mtoto. Nadine, msichana wa miaka minne, walimpata kwa njia ya baba mdogo wa mtoto huyo, Zéphyrin, aliyeapa mbele ya hakimu kwamba wazazi wote wawili walifia msituni Walikale wakikimbia vita. Hakimu akaamua kwamba mtoto ni wa Thacienne na Gustave. Ikabaki ruhusa ya kumtoa nchini, na ruhusa ilikuwa haitoki; mtoto akawekwa kwa Mukashema. Thacienne alichoka kumlea mwanawe kwenye simu. Akaomba likizo, akaja kungojea pamoja naye.

Siku zao zilikuwa nzuri. Walikwenda pamoja kuchukua maziwa, mtoto akashika tabia ya kusinzia mgongoni mwa Thacienne huku akimvuta sikio, na alipenda kusukwa nywele jua likiwa kali. Ila kila alipoita, aliyeitika alikuwa yule mwingine.

"Ule ni nani?" Thacienne alimwuliza dada yake.

"Ni mama yake. Nani mwingine angemuitika?"

"Waliniambia alikufa."

"Mufu hashikwe na mafua," Mukashema akasema, akaendelea kupepeta.

Thacienne alijaribu kuwahi kuitika. Sauti mbili ziligongana juu ya kichwa cha mtoto, naye mtoto akatazama nyuma ya bega lake, kule vilimani. Gustave alipoisikia ile sauti kwenye simu akauliza kama ni majirani, Thacienne akamjibu kwamba ndio, ni majirani.

Kisha ofisi ya ruhusa ikataka muhuri wa teritware, yaani wilaya, alikozaliwa mtoto. Thacienne alimwacha Nadine kwa Mukashema, akapanda pikipiki ya kijana aitwaye Athanase, wakateremka kuelekea Walikale. Kadiri msitu ulivyozidi kufunga barabara, ndivyo ile sauti ilivyozidi kuwa nene. Ilipopita juu yao, Athanase aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekwepa tawi.

Muhuri ulipatikana bila shida. Angeweza kurudi. Badala yake alimwambia Athanase waendelee mpaka Mubi, eti anataka kununua kitenge.

Mubi, mahali malori yanaposimama, mwanamke mmoja alikuwa akichoma ndizi. Alikuwa akimfungia dereva ndizi zake kwenye jani alipokatisha, akainua uso juu, akasema, "Niko hapa, mutoto wangu. Nakuya." Kisha akamaliza kufunga. Dereva alikuwa amengoja tu, kama unavyomngoja mtu apige chafya. Mwanamke huyo alikuwa na paji la uso la Nadine, na kama Nadine, alisimama akijikuna mguu mmoja kwa mwingine.

Jina lake lilikuwa Pétronille. Thacienne alinunua ndizi, na Pétronille, kwa kuona vumbi nguoni mwake, akamwuliza habari za safari. Pétronille naye akaeleza kwamba alipotezana na mtoto wake kijiji kilipokimbia vita, na kwamba shemeji yake alimwambia mtoto amekufa. Lakini mtoto anamwita. Tatizo ni kwamba chini ya miti sauti inaanguka kama mvua, haina upande. Alikwisha kutembea barabara ya Kisangani mpaka miguu ikavimba.

"Dada, kule unatoka," akauliza, "hamusikie mutoto anaita?"

Thacienne alikuwa ameshika ndizi moto mkononi. Ilitosha kunyoosha mkono kuelekea mashariki, iliko Kingi.

"Natoka Bukavu," akasema.

"Na Bukavu iko watoto wengi?"

"Iko wengi."

Pétronille alimshukuru, akamwongezea ndizi. Kabla Athanase hajawasha pikipiki, mwanamke huyo alikuwa amemwachia jirani jiko lake na kupanda lori la Bukavu.

Siku Thacienne aliporudi Kingi, mtoto aliita, na jibu likatoka kusini, upande wa Bukavu, likiwa na mngurumo wa injini ndani yake. Mukashema aligeukia kusini, kisha akamtazama mdogo wake.

Tangu hapo Thacienne hakulala vizuri. Kila asubuhi aliamka ameamua kwenda kulifuata lile lori, na kila asubuhi mtoto alikuja na kitana, akaketi katikati ya magoti yake. Ndipo akaanza kumfundisha Kifaransa, kwa ajili ya shule ya huko Liège. Alimfundisha kuita *Maman*. Kwa neno hilo hakuitika mtu mwingine yeyote.

Ruhusa ilitoka wakati wa mvua. Mukashema aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akambusu mtoto.

"Kuna muntu anamutafuta Bukavu," alimwambia mdogo wake. "Na ni weye njo ulimutuma."

"Najua," Thacienne akasema, akafunga mlango.

Huko Liège Nadine alipata chumba, viatu vya baridi na shule. Neno la zamani, Mama, lilimtoka kichwani, halikurudi. Kwa kuwa hakuitwa tena, Pétronille akaanza kuita yeye. Sauti ilifika jioni moja ya kiangazi, watu watatu wakiwa mezani, mafua yakiwa yamegeuka kikohozi.

"Nadine. Nadine, uko wapi?"

Gustave aliinuka akafunga dirisha. Sauti ikabaki ndani pamoja nao. Jirani wa chini akapunguza redio yake, asije akamzuia mtu kusikia.

Mtoto aliweka uma chini. "Maman, nani ananiita?"

Thacienne alimsogezea sahani.

"Hakuna muntu," akasema. "Kula."

Mtoto akala.