Jogoo wa Mlango wa Zimamoto

Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mleta barua aliacha bahasha moja ya kahawia katika ofisi ya kijiji cha Oberwiebach. Ofisi hiyo ni chumba kimoja juu ya kituo cha zimamoto, na hufunguliwa Jumanne tu. Meya wetu, Gerlinde Rausch, aliifungua bahasha kwa kisu cha kukatia keki, akaisoma mara mbili, akanisogezea. Mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za baraza, hivyo kila barua hunifikia.

Ilitoka kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Tulikuwa tumewaomba waidhinishe nembo na bendera ya kijiji kabla ya sherehe ya kutimiza miaka mia nane, tarehe 24 Agosti. Walikubali jogoo, kwa kuwa yumo katika muhuri wa kijiji wa mwaka 1768. Walikataa rangi. Jogoo wetu ni mwekundu juu ya kijani, na kanuni ya nembo ina miaka mingi kuliko kijiji chenyewe: rangi haikai juu ya rangi. Nyekundu, kijani, buluu na nyeusi lazima zilale juu ya dhahabu au fedha, yaani njano au nyeupe, ama kinyume chake. Sababu yake ni kwamba nembo inapaswa kutambulika kwa mbali.

"Nani atamwambia Eckhard?" Gerlinde akauliza.

Niliipiga barua muhuri wa kupokelewa.

Eckhard Thielen, fundi seremala mstaafu na mkuu wa zamani wa zimamoto, mwenye umri wa miaka themanini na miwili, ndiye aliyemchora jogoo huyo kwenye mlango wa kituo cha zimamoto mwaka 1974. Muhuri hauna rangi, kwa hiyo rangi zilikuwa uamuzi wake. Tangu hapo jogoo mwekundu amehamia kwenye vikombe vya bia, fulana za timu ya mpira na jiwe la kaburi la mkewe. Hakuna aliyewahi kuomba idhini ya mtu.

Gerlinde alimwambia jioni ile ile, mbele ya baraza zima la watu saba. Eckhard alisikiliza huku amekunja mikono.

"Hao wa mjini wameona jogoo wangapi maishani?" akasema. "Wakimgusa, mimi sherehe siji. Na meza za sherehe mtajijengea wenyewe."

Kitisho kilikuwa kizito. Meza arobaini hazijijengi, na Eckhard akisema haji, haji. Bila idhini, kwa upande mwingine, siku ya sherehe tungepandisha bendera ya wilaya peke yake, kama kijiji kisicho na jina.

Gerlinde akapendekeza jaribio. Angeshona bendera ya jogoo mwekundu juu ya kijani, ipandishwe kwenye mlingoti wa kanisa, kisha wote tusimame kwenye daraja, mita mia mbili kutoka hapo. Nilizipima mwenyewe kwa kamba. Jogoo akionekana vizuri kutoka hapo, tungewaandikia tena hifadhi.

Jumamosi tarehe 16 Machi, saa tisa alasiri, tulisimama darajani watu tisa. Upepo ulitosha. Bendera ilikunjuka vizuri.

"Haya, Mzee Eckhard," Gerlinde akasema. "Unamwona?"

"Namwona vizuri sana. Hata kilemba chake."

"Anatazama upande gani?"

"Kushoto. Mguu mmoja ameuinua. Wewe humwoni, mwanangu? Nenda kapimwe macho."

"Mimi namwona tangu asubuhi," Gerlinde akasema. "Yuko mezani kwangu jikoni. Sijamaliza kumkata. Pale juu ni kitambaa kitupu cha kijani."

Watu walicheka hadi mmoja akalazimika kushika ukuta wa daraja. Eckhard aliendelea kutazama mlingoti kwa muda, kisha naye mabega yakaanza kumtikisika. Lakini alipomaliza kucheka alisema neno lile lile: jogoo ni mwekundu, na mwekundu atabaki.

Wakati huo trekta lilisimama nyuma yetu. Aliyeshuka ni Hartmut Diel, meya wa Drosselroth, kijiji cha ng'ambo ya mto. Drosselroth wana nembo iliyoidhinishwa tangu mwaka 1962, samaki mweupe juu ya buluu, na hawaachi siku ipite bila kutukumbusha.

"Mnatazama nini?" akauliza. "Mmeanika shuka?"

Gerlinde akamweleza. Hartmut akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Mbona mnahangaika? Jogoo huyo alikuwa wa njano. Mwekundu nilimpaka mimi."

"Anaanza tena," Eckhard akasema.

"Ninaanza tena kwa sababu ni kweli. Usiku wa kuamkia Mei Mosi, mwaka 1976. Nilikuwa na miaka kumi na minane na kopo la rangi ya lango la mjomba wangu."

Usiku huo, vijana wa vijiji vyetu huruhusiwa kufanya utundu: mageti huhamishwa, mikokoteni hukutwa juu ya mapaa, na kila kijiji huweka mlinzi. Madai ya Hartmut tulishayasikia. Hakuna aliyewahi kuyaamini, kwa kuwa Eckhard mwenyewe alikuwa ametangaza tangu asubuhi ile kwamba jogoo alimpaka upya yeye, kwa hiari yake, kwa sababu njano ilionekana kama ugonjwa. Wazee waliokumbuka njano walikumbuka pia maneno hayo.

"Miaka arobaini na minane," Hartmut akasema, "nimefanya jambo moja la maana katika ujana wangu, na siwezi kujisifu. Nikisema, watu wanasema babu Eckhard alipaka mwenyewe. Hata mke wangu haniamini."

"Mkeo ana akili," Eckhard akasema.

Nikasema kwamba jambo hili lina njia ya kuthibitishwa. Rangi ya mlangoni ingekwanguliwa mahali padogo, kiasi cha ukucha. Tabaka zingejieleza: rangi ya lango si rangi ya seremala.

Tulitembea hadi kituoni. Gerlinde alitoa kisu, lakini mzee akamzuia mkono.

"Mlango wangu haukwanguliwi na kisu cha keki," akasema.

Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na patasi nyembamba. Akakwangua kwenye ncha ya mdomo wa jogoo. Wekundu ulitoka kwa vipande vinene, vyenye alama za brashi iliyokwenda ovyo. Chini yake palikuwa na njano, laini, imepakwa mara mbili.

"Mlinzi wa usiku ule alikuwa nani?" Gerlinde akauliza. Aliuliza kwa upole.

"Mimi," Eckhard akasema. "Nilikaa kwenye kiti hapa hapa mlangoni. Nikalala. Niliamka saa kumi na mbili, jogoo ni mwekundu nyuma ya kichwa changu, na watu wanaanza kutoka kwa matembezi ya Mei Mosi. Ningewaambia nini? Kwamba Drosselroth wamepaka rangi juu ya utosi wa mkuu wa zimamoto, naye anakoroma?"

"Ulikuwa unakoroma kweli," Hartmut akasema. "Ndiyo maana mkia haukunyooka. Nilikuwa nacheka."

Eckhard alimtazama. Kisha akampa patasi.

"Basi wewe uliyempaka, wewe umkwangue. Anza na mkia."

Hartmut alikwangua Jumamosi tatu mfululizo, Eckhard akiwa amekaa kwenye kiti akimsahihisha. Nilipiga picha kila tabaka, nikaziambatanisha na barua mpya. Dhahabu juu ya kijani haivunji kanuni. Idhini ilifika tarehe 11 Julai. Meza arobaini zilikuwa tayari tarehe 20 Agosti, na siku ya sherehe bendera ilisomeka kutoka darajani, nilikwenda kuhakikisha.

Mwezi Aprili mwaka uliofuata, Eckhard aliomba apewe ulinzi wa mlango usiku wa kuamkia Mei Mosi. Baraza lilikubali kwa kura saba. Alipewa kiti, blanketi na chupa ya kahawa.

Alhamisi tarehe 1 Mei 2025, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, nilifika kituoni. Jogoo alikuwa wa njano. Blanketi lilikuwa limekunjwa kitini, na kahawa haikuwa imeguswa. Saa moja na nusu Hartmut alipiga simu kusema kwamba samaki kwenye bango la kuingilia Drosselroth amekuwa mwekundu, na mkia wake umenyooka sawasawa. Saa mbili nilimkuta Eckhard bombani nyuma ya nyumba yake. Alikuwa anasugua mikono kwa mafuta ya taa.