Nakala Nne za Mwalimu Leodgar

Nasema mapema, msije mkanionea huruma nisiyostahili: jedwali lile nililitengeneza mimi. Hakulitengeneza fundi wa kompyuta, wala wakubwa wa Dodoma. Ni mimi, Fakhria binti Badar, mkutubi niliye kazini mwaka wa ishirini na sita, na nililitengeneza kwa furaha.

Hapa mkoani Tabora tuko vyuo vinne vyenye maktaba ndogondogo, na zote zilikuwa zimefurika. Kwetu hata choo cha wageni kilikuwa na magunia ya vitabu vya takwimu za kilimo. Mwaka juzi tukakubaliana kuunganisha orodha zetu ziwe moja, tuone nani ana nini, kipi kinaazimwa na kipi kinalala. Kazi ya kuchambua nikapewa mimi, kwa sababu ndimi nizipendaye kazi za namna hiyo. Wengine wanapenda taarabu, mimi napenda jedwali. Ukigundua kwamba kitabu kimoja cha uhasibu kina nakala hamsini na mbili na hakijaguswa miaka kumi, unacheka peke yako kama mwendawazimu.

Kanuni yetu ilikuwa nyepesi. Kitabu kikiwa katika vyuo zaidi ya kimoja na wasomaji wake ni wachache, ibaki nakala ya chuo kilichoiazimisha zaidi, nyingine ziondolewe. Atakayeihitaji ataagiza kwa mwenzake. Nikaiingiza kanuni hiyo kwenye kompyuta, nayo ikapita mstari kwa mstari ikiandika IBAKI au IONDOKE. Vitabu elfu kumi na moja vikahukumiwa kabla chai yangu haijapoa. Nikawatumia wenzangu, kila mmoja akatazama safu ya chuo chake tu, akatoa alichoambiwa atoe. Kwetu walitoa vibarua, kwa kufuata namba za migongoni mwa vitabu, wakati mimi niko Dodoma kwenye kikao cha wakutubi nikipigiwa makofi. Nilikuwa nimevaa baibui jipya.

Miezi mitano baadaye, Jumatatu asubuhi, akaja Pelagia. Anafundisha shule ya msingi, tunajuana kwa salamu za sokoni, na ni binti wa Mwalimu Leodgar. Huyo Mwalimu, watu wa rika langu hapa mjini ama aliwafundisha historia ama aliwachapa viboko, na wengi wetu tulipata vyote viwili.

"Dada Fakhria, nimekuja kwa ajili ya ile kazi ya baba," akasema. "Siku hizi anasahau. Juzi ameniita kwa jina la marehemu mama. Lakini Jumapili kanisani, kwenye matangazo ya ndoa, akasikia jina la Lugembe. Akasimama palepale: 'Lugembe wa Usoke, ndui, Ugogo.' Akaendelea na majina mengine sita. Alikuwa baba yangu kabisa, dada, yule wa zamani. Nimeona nije nikae hapa ninakili, niwe namsomea jioni. Labda atakaa nasi kidogo zaidi."

Kazi hiyo naijua. Kuanzia mwaka sabini na moja, kila likizo kwa miaka saba, Mwalimu alipanda baiskeli akafuata njia ya zamani ya misafara, kutoka Kigwa hadi Ujiji, akashuka na Sikonge. Kila nyumba aliuliza swali moja: katika ukoo wenu, ni nani aliyebeba mzigo akaenda asirudi? Akaandika jina, kijiji, mahali alipofia na kilichomuua. Walifika elfu moja na mia tatu na kitu. Miaka mingi baadaye akawapiga chapa kwa taipureta ya misheni, karatasi moja juu na tatu chini za kaboni, kwani mashine haikuweza zaidi ya hapo. Ile ya chini kabisa ilisomeka kwa shida. Ndiyo maana zilikuwa nakala nne. Alivipa vyuo vinne, yeye hakubaki na hata moja.

"Nyumba huungua," alituambia. "Chuo hakiungui."

Bosi wangu wa wakati huo aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga muhuri mwekundu: ISITOKE. Ilisomewa mezani, mbele ya macho yetu, na vyuo vingine wakafanya hivyohivyo. Mwalimu akija kuitazama alikuwa hakosi kunitania. "Binti Badar, nitunzie wapagazi wangu. Babu zako waliwatwisha pembe, wewe watafutie rafu tu." Namjibu, "Waache wapumzike, Mwalimu, kwangu hakuna mzigo." Tunacheka. Lakini ni kweli, baba wa babu yangu alikuwa na misafara, na baadhi ya majina yale walikuwa watu wake. Sijawahi kulikataa hilo.

Nikamwambia Pelagia akae. Nikaenda kwenye rafu ya chini, nikakuta nafasi. Nikarudi mezani kwangu nikafungua jedwali. Mstari wa 8,914. Nakala nne, vyuo vinne. Imeazimwa mara: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Na mbele yake: IONDOKE, IONDOKE, IONDOKE, IONDOKE.

Niliukodolea macho mstari ule mpaka nikaelewa. Niliiambia kompyuta ibakize iliyoazimwa zaidi. Katika sifuri nne hakuna iliyozidi nyingine, basi haikubakiza hata moja. Na sifuri zenyewe zilitokana na ule muhuri wetu mwekundu. Kitabu kilichokatazwa kutoka hakiwezi kuazimwa. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na baiskeli kutoka Sikonge, akasoma jina moja tu, akalia, akajitanda khanga yake vizuri akaondoka. Hakuna mahali tulipomwandika.

Nikawapigia wenzangu. Nasri wa chuo cha pili alishangaa.

"Si wewe uliandika iondoke, dada? Nikajua imebaki kwako. Mambo ya Tabora ya zamani siku zote yanabaki kwako." Yake ilichomwa shimoni nyuma ya jiko. "Maji yakimwagika hayazoleki," akaongeza.

Nikamkatia simu. Chuo cha tatu waliwapa kina mama wa maandazi wafungie. Cha nne waliviweka nje, mvua ikavinyeshea, vikatupwa. Vyetu vilichukuliwa kwa mkokoteni kupelekwa maduka ya Kanyenye.

Nikatoka nje kumwambia Pelagia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

"Hata ile iliyofifia?"

"Hata ile."

Akatazama mkoba wake, alimokuwa ametia daftari jipya na kalamu mbili. "Basi utakuja umwambie mwenyewe," akasema. "Mimi siwezi."

Siku tatu nilizunguka Kanyenye duka kwa duka, nikinunua karanga nisizozitaka ili nione zimefungwa kwa karatasi gani. Nilipata mitihani ya hesabu, nilipata takwimu zangu za kilimo kutoka chooni, nilipata hata barua ya mapenzi ya mtu. Herufi ya taipureta sikupata hata moja. Karanga zile bado zipo kabatini, sina hamu nazo.

Jumamosi nikaenda. Mwalimu alikuwa amekaa sebuleni na koti lake la kufundishia, nywele zimechanwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Binti Badar! Wapagazi wangu hawajambo?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakanitoka machache. Nikamwambia zimeondolewa, zote nne, na kwamba aliyeziondoa ni mimi, kwa uzembe. Alinisikiliza huku kashika goti lake. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia ajali ya basi, "Na Lugembe?"

"Na Lugembe, Mwalimu."

Akalia kwa sauti. Sijapata kumwona mzee wa umri ule akilia hivyo, nami nikalia, na Pelagia jikoni nilimsikia. Nilitamani anichape, kama zamani.

Pelagia akaleta uji. Mwalimu akafuta uso, akanywa taratibu hadi nusu kikombe, akainua macho. Uso wake ukachangamka.

"Binti Badar! Umefika saa ngapi? Wapagazi wangu hawajambo?"

Nikamtazama Pelagia. Akatikisa kichwa: usirudie.

"Hawajambo, Mwalimu," nikasema.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi naenda na daftari lile la Pelagia. Namwomba anitajie majina, namdanganya kuwa nataka kuyajua kwa kichwa, na yeye hufurahi kama darasani. Siku nyingine hutaja kumi. Siku nyingine hurudia wawili walewale, au hubadilisha vijiji vyao. Kuna siku nahisi anaita mahudhurio ya darasa la saba la zamani. Sijui kutofautisha mpagazi na mwanafunzi wake, basi naandika wote. Tumefika tisini na nne. Mjini tunaonana na Pelagia, ananisalimia, lakini kule kuniita dada ameacha.

Jumamosi iliyopita Mwalimu alianza vizuri, Mihambo wa Kigwa, kuhara, njiani Ujiji. Nikaandika. "Na Masolwa," akasema, "Masolwa wa..." Akaniona ninavyoinama juu ya daftari. Akaweka mkono wake juu ya kalamu yangu.

"Unajichosha bure, mwanangu. Kazi yote hiyo ipo chuoni kwenu, rafu ya chini, ina muhuri mwekundu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na yenu ikipotea, zipo tatu nyingine. Nilipiga nne makusudi." Akacheka, akanipigapiga mkono. "Haziwezi kupotea zote. Weka kalamu chini, tunywe chai."

Nikaiweka. Tukanywa chai. Masolwa wa wapi, hakusema tena.