Uvimbe Mkononi mwa Gathoni

Gathoni alipoanza kukonda, mama yake hakutafuta sababu mbali. Macho ya Wamucii yalikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha uani, alichopanga Kiambi, fundi cherehani kutoka Meru. Kiambi alikuwa akikohoa. Alikohoa asubuhi akiwasha makaa ya pasi, akakohoa tena jioni akikunja vitambaa, na kila mara Wamucii aliacha alichokuwa akifanya na kusikiliza.

Ilikuwa mwaka 1974, Skuta, pembeni mwa mji wa Nyeri. Theuri, mumewe, alikuwa karani kwenye kiwanda cha kahawa, mtu asiyependa maneno nyumbani. Mama wa Theuri, mzee Kagure, aliishi nao na kulala kitanda kimoja na mjukuu. Gathoni alikuwa na miaka minne. Tezi zilikuwa zimemtoka shingoni, homa ilimjia kila jua likishuka, na gauni lake la Krismasi, ambalo Kiambi ndiye aliyelishona, lilimning'inia kama la mtoto mwingine.

Wamucii alianza kwa kutenga kikombe cha Kiambi. Kisha akamkataza mtoto kukaa miguuni pa cherehani kuokota vipande vya nguo. Theuri alimwambia aache kumfikiria mtu vibaya, kwani yule bwana hakuwa na neno na yeyote. Hilo lilimkera zaidi. Asubuhi moja akaenda kusimama mlangoni pa fundi.

"Kiambi, hiyo kikohozi yako umeonyesha daktari?"

"Ni moshi ya pasi, mama Gathoni. Niko nayo tangu nijifunze kushona."

"Ati moshi," Wamucii akasema, akaondoka.

Kiambi hakungoja aambiwe mara ya pili. Jumamosi alipakia cherehani yake kwenye mkokoteni akahamia Gatitu. Wamucii alisugua kile chumba kwa maji ya moto kuta hadi sakafu, akaacha mlango wazi upepo upite. Moyo ukatulia kidogo.

Mtoto hakunenepa. Mwishowe wakampeleka hospitali ya mjini, ambako nesi aitwaye Monicah alimdunga sindano nyembamba chini ya ngozi ya mkono, tone dogo tu, akawaambia warudi keshokutwa. Waliporudi, pale palipodungwa palikuwa pamevimba, pekundu, pagumu ukipapasa. Wamucii aliushika ule mkono akamtazama nesi kwa jicho kali. Alitaka kujua mtoto wake amewekewa nini.

Monicah hakukasirika. Alieleza kwamba ndani ya tone lile hamkuwa na kijidudu hata kimoja kilicho hai, ila kitu ambacho mwili unaweza kukitambua.

"Mwili wake umeshaonana na tibii," alisema. "Askari wa mwili wanajua sura yake, ndiyo maana wamekimbilia hapo. Mtoto ambaye hajawahi kukutana nayo havimbi hivi."

Picha ya kifua ilipotoka, ilionyesha doa. Monicah akasema mtoto mdogo namna ile huambukizwa na mtu mzima anayekaa naye karibu siku nyingi. Akauliza ni nani anakohoa nyumbani. Wamucii alilitaja jina la Kiambi kabla swali halijaisha.

Kiambi aliitwa. Alikuja na koti lake la kanisani, akadungwa, na mkono wake nao ukavimba. Wamucii alimgeukia mumewe kana kwamba kesi imekwisha, lakini Monicah alitikisa kichwa. Kifua cha fundi kilikuwa safi, na makohozi yake yalipopimwa hayakuwa na kitu. Ugonjwa alikutana nao zamani, nesi akasema, mwili ukauzingira na kuufungia ndani. Mtu kama huyo hamwambukizi yeyote. Uvimbe husema tu kwamba mwili unamjua adui, hausemi kama adui ameshinda. Halafu akasema afadhali wapimwe wote wa nyumba ile.

Mkono wa Wamucii ulivimba.

Siku zile za kungoja picha yake zilikuwa ndefu. Aliona Theuri akichukua chai yake na kwenda kuinywea nje. Aliona akimvuta mtoto upande wake wa benchi. Wamucii hakuwa na la kumlaumu, kwa kuwa yeye mwenyewe alilala akijisikiliza kifua. Picha yake ilitoka safi, na ya Theuri pia.

Alibaki Kagure. Mzee alikuwa amekataa kwenda hospitali, akisema yeye hakohoi na uzee hauna sindano. Na kweli hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa. Wamucii akaanza kumchunguza. Aliona jinsi nguo zilivyompwaya. Aliona kwamba nyama ya sahani yake iliishia kwenye sahani ya mjukuu. Kisha mchana mmoja, akianua nguo, alimwona nyuma ya jikoni akiwa ameufunika mdomo kwa shuka, mabega yakitetemeka bila sauti yoyote. Baadaye mzee alichota majivu, akamwaga chini, akarudi ndani polepole.

Wamucii alikwenda pale akafukua majivu kwa kijiti. Makohozi yalikuwa na uzi wa damu.

Theuri aliporudi kutoka kazini alimweleza. Uso wa Theuri ulibadilika.

"Ulianza na Kiambi," alisema. "Sasa ni mama yangu?"

Kagure alikuwa amesimama mlangoni. Alimwambia mwanawe amwache mke wake, maana alichosema ni kweli. Akaketi, akasimulia mambo ambayo Theuri hakuwahi kuyasikia. Wakati wa hali ya hatari, wakoloni walipowakusanya watu na kuwabana kijijini, yeye alilala kibanda kimoja na mwanamke wa Endarasha aliyekohoa mpaka akafa. Naye alikohoa miezi kadhaa, kisha kikohozi kikakoma chenyewe bila dawa. Alidhani kimekwisha. Mwaka huu kimerudi.

"Kwa nini hukusema, Maitu?" Theuri akamuuliza mama yake.

"Mngenitenga na mtoto."

Hospitalini Monicah aliwaeleza kwamba hakikuwa kimekwisha. Mwili wa Kagure ulikuwa umekifungia kwa miaka yote ile, na sasa walinzi walikuwa wamezeeka, tena hawalishwi. Mwili wa Gathoni nao ulikuwa umemtambua adui vizuri tu, ila ulikuwa mdogo mno kumfunga peke yake. Kagure akalazwa wodi ya kifua akidungwa kila siku. Gathoni alipewa dawa za kumeza.

Wamucii alikwenda Gatitu kumwona Kiambi. Alimkuta kwenye kibaraza akipiga pindo la sare ya shule, na akasema yote aliyokuja kuyasema akiwa amesimama. Kiambi alisikiliza bila kusimamisha cherehani. Alipoombwa arudi Skuta alijibu kwamba alipo panamtosha. Habari ya kikohozi ilikuwa imemfuata mpaka huko, akasema, na wako wanawake ambao bado hawamletei nguo za watoto. Aliuliza hali ya Gathoni, akafurahi kusikia anakula. Basi akainamia kazi yake, na Wamucii akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kagure aliruhusiwa kurudi nyumbani wakati wa mvua ndefu, na daktari alisema hawezi tena kumwambukiza mtu. Gathoni, mashavu yakiwa yamejaa, alimkimbilia akampanda magotini. Mzee aliinua mikono yote miwili juu asimguse, akamtazama mkaza mwana wake, akingoja.

Wamucii alikawia. Alijua alichoambiwa hospitalini, na alikiamini. Hata hivyo ulimi ulikuwa mzito.

"Mshike, Maitu," akasema.

Kagure alimkumbatia mjukuu wake, lakini uso aliugeuzia ukutani asimpumulie. Tangu siku ile hakuwahi tena kuzungumza na mtoto yule akiwa amemtazama.