Siku Kumi na Tisa Zilizobaki

Mwalimu Kornelio wa misheni alikuja kwangu Mtanda na barua ya Bibi Maendeleo, yule Mzungu wa kilabu cha wanawake. Mwalimu ndiye aliyeniombea kazi ya kufundisha kushona pale. Nisipoipata, shemeji yangu Likwata atamchukua binti yangu Moza kwenda Rutamba kulima, na shule ndiyo basi.

Alikaa barazani, mimi nyuma ya mlango. Marehemu mume wangu Abilahi alikuwa na miezi mitatu na siku ishirini na moja kaburini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Soma."

"Anasema mishono yako haina mfano. Lakini wewe ni dowdy."

"Ndiyo nini?"

Alikuwa na kamusi mfukoni. Akafunua, akafunga.

"Si mchafu, mama. Wala si mbaya wa sura. Ni mwanamke aliyevaa vitu vilivyofifia, vya zamani, asiyevuta jicho. Hata gauni huitwa hivyo."

"Na mwanamume?"

Akafikiri. "Mwanamume sijasikia."

Nilisikiliza kama nasikia habari za jirani. Kaniki yangu ilikuwa imepauka kweli. Sijapaka mafuta wala wanja, sijajifukiza udi.

"Anaogopa wasichana hawatataka kukufuata. Anasema uje Jumatatu umependeza kidogo, kazi ni yako. Mama, kanga moja tu nyekundu."

"Niko edani, mwalimu. Zimebaki siku kumi na tisa. Kutoka mchana kutafuta riziki naruhusiwa. Kujipamba hapana."

"Jumatatu ni asubuhi moja."

"Mbona masista wenu wanavaa vilevile mwaka mzima, hujawaita hilo jina?"

Akacheka. "Wale wana ahadi na Mungu."

"Na mimi je?"

Akatoa kalamu. Halafu akasema atamwandikia kwamba ninaumwa, anisubiri. Nikamwambia siumwi. Mwandikie nimefiwa, namaliza eda baada ya siku kumi na tisa, ya ishirini nitakuja nimependeza. Akaandika hivyo hivyo, akanisomea, nikasema sawa.

Jumatatu nilikwenda vilevile na kaniki yangu, barua hiyo ya mwalimu mkononi. Bibi Maendeleo aliisoma akiwa amesimama. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, si kwa ubaya. Akasema pole sana, lakini darasa linaanza kesho. Kazi alipewa Agnes wa misheni. Agnes anashona vizuri, sina neno naye.

Nilirudi nikasali adhuhuri. Nikapika muhogo.

Jumamosi Likwata akaja na baiskeli. Moza alikuwa amekwisha kufunga nguo zake. Hakulia. Aliniuliza mlangoni, kwa sauti ndogo:

"Mama, ungevaa siku moja tu, Mungu angejua?"

"Angejua."

"Na baba?"

Nikalikaza fundo la nguo zake. Likwata akasema jua linapanda, tusichelewe. Moza akakaa nyuma ya baiskeli, akashika tandiko kwa mikono miwili, wakaondoka.